Götzen, meli ya vita iliyofunga Ziwa Tanganyika

Watu wa Kabambare wanaijua njia ya kwenda ziwani. Kabla ya malori na pikipiki ilikuwa njia ya misafara: kutoka Ujiji watu walivuka maji, wakapanda hadi Kabambare, kisha Kasongo, mpaka Nyangwe. Kwa hiyo vita vya 1914 vilipofika huku kwetu, mwenye kushika Ziwa Tanganyika alikuwa ameshika mlango wa nyumba yetu. Na mlango ule Wajerumani waliufunga mapema. Tarehe 22 Agosti 1914 meli yao ndogo, Hedwig von Wissmann, iliipiga meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, pale Lukuga, ndiyo Kalemie ya leo. Kwa muda mrefu Wabelgiji wakabaki hawana kitu juu ya maji.

Walikuwa na meli nyingine kubwa, lakini ilikuwa bado vipande. Jina lake lingewakasirisha wazee wa Kasongo: Baron Dhanis. Huyo Dhanis ndiye aliyeongoza jeshi la Leopold lililoteka Kasongo mwezi wa Aprili 1893. Jina lilikuwa tayari, meli hakuna. Ungeiunganishaje kando ya ziwa wakati mizinga ya adui inapita mbele yako kila inapotaka?

Wajerumani upande wao waliwahi. Meli yao kubwa, Graf von Götzen, ilitengenezwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikafungwa kwanza kwa muda tu. Kisha ikafunguliwa yote, ikatiwa katika masanduku kama 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam, na kutoka pale ikasafiri kwa reli hadi Kigoma. Yeyote kati yetu aliyewahi kufungua mashine ya kusaga mawe na kuibeba vipande vipande hadi kwenye karieri anajua kazi hiyo ni nini: ukipoteza kipande kimoja umekwama. Sasa fikiria meli ya mita 71.

Fundi mkubwa alikuwa Anton Rüter, pamoja na wenzake wawili, mafundi Wahindi wa kupiga ribiti, na vibarua Waafrika ambao hakuna aliyejali kuandika majina yao. Tarehe 5 Februari 1915 meli iliingia majini. Baadaye ikapewa mzinga wa milimita 105 uliotolewa katika manowari Königsberg, ile waliyoizamisha wenyewe mto Rufiji mwezi wa Julai mwaka uleule. Toka hapo hakuna chombo ziwani kilichoweza kusimama mbele yake. Iliweza kubeba askari kama 900 kutoka Kigoma hadi Kasanga kwa siku mbili tu, safari ambayo kwa miguu ingekula majuma.

Waingereza walijibu kwa mashua mbili za mbao, Mimi na Toutou, kila moja mita 12, moteri ya esanse, mzinga mdogo mbele. Ukiziweka kando ya Götzen, ni vifaranga. Lakini ajabu yao haikuwa vita, ilikuwa njia. Zilishuka Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume, na pale reli ikaisha. Mbele kulikuwa na milima ya Mitumba, zaidi ya kilomita 200 hadi Sankisia. Mashine za mvuke zilivuta, ng'ombe wakavuta, na pale vyote viliposhindwa watu wakavuta kwa kamba. Madaraja zaidi ya 100 yalijengwa. Maji yalipokosekana kwa ajili ya mashine, wanawake wa vijiji waliyabeba kichwani. Kisha zikafika Bukama, zikateremka Lualaba hadi Kabalo, zikapanda treni tena, na mwisho wa Oktoba 1915 zikafika Lukuga.

Vitabu vya Wazungu vinamsifu sana kiongozi wao, Spicer-Simson. Mimi ningeanza na wale wa kamba na wale wa maji.

Tarehe 26 Desemba 1915 vifaranga hao walikamata meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, kwa dakika chache tu. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Kesho yake Götzen yenyewe ilitokea ikiitafuta dada yake. Spicer-Simson aliitazama, akakataa kutoka. Wabelgiji walikasirika, lakini hesabu yake inaeleweka: mzinga wa milimita 105 ungezifanya zile mbao kuni.

Kumbe ile meli haikushindwa majini hata siku moja. Ilidhoofishwa na wenyewe. Jeshi la Wajerumani lilihitaji mizinga nchi kavu, basi mzinga mkubwa ukatolewa, ukapelekwa upande wa Tabora, na mahali pake pakawekwa mti uliochongwa ufanane na mzinga. Wabelgiji wakaleta ndege zinazotua juu ya maji, wakatupa mabomu Kigoma. Kwa nchi kavu askari wa Force Publique walikuwa wanakaribia, na nyuma yao wapagazi wa Kongo, zaidi ya laki mbili katika vita vile vyote, wakibeba risasi na chakula. Wengi hawakurudi kwao. Mtu akisema vita ile ilishindwa na meli au ndege, muulize hizo risasi zilifikaje.

Tarehe 26 Julai 1916, siku mbili kabla Kigoma haijatekwa, Rüter na wenzake walipaka moteri mafuta mazito, wakajaza meli mchanga, wakaizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Hawakuilipua. Waliifunika kama mtu anayeficha chombo chake cha kazi, akitumaini kurudi.

Wabelgiji waliiinua mwaka 1918, dhoruba ikaizamisha tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakakuta yale mafuta yamefanya kazi yake: chuma kizima. Tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kubeba abiria kwa jina jipya, Liemba.

Jina hilo familia nyingi za mashariki wanalijua bila kusoma kitabu. Mwaka 1997, baada ya vita iliyomwangusha Mobutu, meli hiyohiyo ilikodiwa kurudisha wakimbizi. Kwa miezi mitano ilivuka toka Tanzania ikileta nyumbani watu zaidi ya 75,000, na vitoto, na masufuria, na magodoro yaliyofungwa kamba, pale pale juu ya sitaha ulipokuwa umesimama ule mzinga.