Je, Wajua? Beki Mfupi Kwenye Barafu

Je, wajua kuwa Roy Worters, mchezaji mfupi kuliko wote waliowahi kucheza NHL, ligi ya hoki ya barafuni, alikuwa na urefu wa inchi 63, na kwamba inchi 63 hizo hizo ndizo kikomo cha urefu wa gongo katika ligi hiyo leo? Ni sentimita 160. Gongo hupimwa kutoka kisigino chake hadi ncha ya mpini, na lingesimamishwa kando ya Worters wangelingana kichwa kwa kichwa. Mwaka 1929 alitunukiwa tuzo ya Hart, ya mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote, na hakuna kipa aliyekuwa ameipata kabla yake.

Kipa, hata hivyo, ana goli lake la kukaa. Mtihani wa mtu mfupi katika hoki ya barafuni uko kwa mabeki. Swali la leo ni hili: kijana wa miaka 17, sentimita 173, anayecheza beki, anaweza kuifanya kazi hiyo ikamlisha?

Kwa aliyezoea magongo ya uwanjani, huku mambo ni mengine. Uwanja wa NHL ni mita 61 kwa 26, umezungushiwa ukuta, na kumpiga kumbo mwenye mali ni halali kabisa. Mali yenyewe ni paki, kisahani cha mpira mgumu chenye kipenyo cha sentimita 7.6 na uzito wa gramu 156 hadi 170, ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde.

Timu ziko 32, na kwa kawaida kila moja hupanga mabeki 6 kwa mechi. Ukizidisha unapata nafasi 192 kwa dunia nzima.

Je, wajua kuwa kanuni ya gongo ina msamaha kwa warefu? Mchezaji mwenye sentimita 198 au zaidi anaweza kuombewa gongo la inchi 65. Aliyenufaika na msamaha huo ni beki Zdeno Chara wa Slovakia, sentimita 206, mrefu kuliko mchezaji yeyote katika historia ya NHL. Alicheza mechi 1,680 za msimu wa kawaida, na hakuna beki mwingine aliyefika hapo.

Na huyo Chara, kwa miaka kadhaa pale Boston, alivaa jezi moja na Torey Krug, beki wa sentimita 175. Watazame kwenye picha ya pamoja: tofauti ni sentimita 31. Krug hakuchaguliwa na timu yoyote katika drafti, ule uteuzi wa kila mwaka ambao kwao timu hugawana vijana. Boston ilimsajili mwaka 2012 akitoka chuo kikuu cha Michigan State. Mwaka uliofuata aliingizwa kwenye mechi za mtoano dhidi ya New York Rangers kwa sababu wenzake walikuwa majeruhi, akafunga mabao 4 katika mechi zake 5 za kwanza. Mwaka 2020 St. Louis ilimpa mkataba wa miaka 7 wa dola milioni 45.5.

Je, wajua kuwa ufupi si jambo jipya katika safu ya ulinzi? King Clancy wa Ottawa alikuwa na sentimita 170. Mwaka 1923, katika mechi ya fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ubingwa, alicheza nafasi zote sita ndani ya mchezo mmoja. Hata golini alisimama, kwa kuwa siku hizo kipa akiadhibiwa alikwenda mwenyewe kukaa kizimbani, mahali pa walioadhibiwa. Mwaka 1930 Toronto ilimnunua kwa dola 35,000 pamoja na wachezaji wawili, fedha nzito kwa wakati huo. Wapenzi wa mabeki wafupi humtaja sana Clancy, nami nasema wapunguze. Wakati wake hata washambuliaji waliomjia hawakuwa majitu.

Pierre Pilote wa Chicago, sentimita 178, alitwaa tuzo ya Norris, ya beki bora wa ligi, mara tatu mfululizo: 1963, 1964 na 1965.

Phil Housley naye, sentimita 178, alitoka shule ya sekondari moja kwa moja hadi NHL mwaka 1982, akiwa na Buffalo, na msimu wake wa kwanza akapata pointi 66. Huko bao na pasi ya bao kila kimoja ni pointi moja. Alimaliza na pointi 1,232 katika mechi 1,495, bila kombe hata moja.

Je, wajua ni mwaka gani mlango ulifunguliwa kwa wafupi? Ni 2005. Msimu wa 2004-05 ulifutwa wote kwa mgogoro wa mishahara kati ya wamiliki na wachezaji. Kabla ya hapo mchezo ulikuwa wa kushikana: mshambuliaji mwenye mbio alikwatuliwa kwa gongo kiunoni, akavutwa jezi, akazibiwa njia, na mwamuzi akatazama kwingine. Beki mkubwa mzito alitosha kusimama na kukumbatia. Ligi iliporudi, waamuzi waliamriwa kuadhibu kila mshiko, na pasi ndefu ya kuvuka mistari miwili ikahalalishwa. Ghafla beki aliyehitajika ni yule anayeweza kuteleza kurudi nyuma kwa kasi ya mshambuliaji anayekwenda mbele, kisha akiipata paki aitume mbali kwa pasi moja. Sentimita hazikusaidia tena kama zamani.

Ila mabadiliko hayo hayo yaliwaletea mabeki adhabu ambayo watu huisahau. Mwaka huo pia kipa alizuiwa kuichezea paki kwenye kona za nyuma ya goli lake, akaachiwa eneo dogo tu lililochorwa mistari. Maana yake paki ikitupwa konani, anayeifuata ni beki, mgongo wake ukiwa wazi kwa mtu wa kilo 100 anayekuja mbio. Ukitaka kujua kama beki mfupi atafika mbali, usimtazame akiwa na paki katikati ya uwanja ambako kila mmoja anapendeza. Mtazame konani, sekunde mbili kabla hajaigusa.

Wanaoweza hufanya hivi. Wanapokimbilia paki hugeuza shingo mara moja, mara mbili, kama dereva wa bodaboda anayetazama kioo kabla ya kukata kona. Wakifika wanajua tayari adui yuko bega gani. Wanayumbisha kiuno upande mmoja, wanatoka upande mwingine, na kumbo linaishia ukutani. Hapa ufupi ni mtaji: mwenye uzito ulio chini hugeuka kwa haraka zaidi juu ya makali ya viatu vyake. Kwa hiyo beki mfupi mzuri hapimwi kwa makumbo anayoyastahimili. Hupimwa kwa yale yaliyomkosa.

Jared Spurgeon ndiye mwalimu wa somo hilo. Ana sentimita 175. New York Islanders ilimchagua wa 156 mwaka 2008, kisha haikumpa mkataba. Minnesota ilimchukua mwaka 2010, na Januari 2021 ikamfanya nahodha. Si mtu wa mbwembwe. Anaweka gongo lake mahali pasi inapotaka kupita, anaipokonya paki kwa usafi, na ni nadra kumwona kizimbani. Mkataba wake wa mwaka 2019 ulikuwa wa miaka 7 na dola milioni 53.

Je, wajua kuwa kutoka 2021 hadi 2025 hakuna mshindi wa Norris aliyezidi sentimita 183? Adam Fox ana 180, Cale Makar aliyeshinda 2022 na 2025 ana 180, Erik Karlsson ana 183. Quinn Hughes, mshindi wa 2024, ana 178, na msimu huo alikusanya pointi 92 akiwa nahodha wa Vancouver.

Quinn Hughes alizaliwa Oktoba 1999. Sheria ya drafti ni kwamba kijana awe ametimiza miaka 18 ifikapo Septemba 15. Kwa wiki chache tu alilazimika kusubiri hadi 2018, akapata mwaka mzima wa chuo kikuu cha Michigan kabla ya kupimwa, na akachaguliwa wa 7.

Tarehe za kuzaliwa zina mambo. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake walionyesha kuwa wachezaji wa hoki wa viwango vya juu Kanada walizaliwa kwa wingi Januari hadi Machi, na wachache Oktoba hadi Desemba. Sababu ni kwamba makundi ya watoto hukatwa Januari 1. Wa Januari anamzidi wa Desemba karibu mwaka mzima wa kukua, kocha anamwona "ana kipaji", anampa timu bora na muda zaidi wa kucheza. Kwa hiyo baadhi ya wale tunaowaita mabeki wafupi wakiwa na miaka 12 ni wadogo wa umri tu.

Watoto hao walikuwa wakipigwa makumbo mapema mno. Marekani iliyapiga marufuku kwa wa miaka 11 na 12 kuanzia 2011. Kanada ikafuata 2013. NHL yenyewe ilikuwa imeharamisha kumbo la kushtukiza linalolenga kichwa mwaka 2010.

Je, wajua kuwa Lane Hutson alikwenda kwenye vipimo vya kabla ya drafti ya 2022 akiwa na barua ya daktari? Barua ilieleza kuwa mifupa yake bado inakua na urefu utaongezeka. Timu zilisoma, zikatabasamu, na nyingi zikampita. Montreal ikamchukua wa 62. Msimu wa 2024-25, wake wa kwanza kamili, alicheza mechi zote 82, akapata pointi 66, ambazo ni zile zile za Housley. Kati ya hizo pasi za mabao zilikuwa 60, akaifikia rekodi ya beki wa msimu wa kwanza iliyowekwa na Larry Murphy msimu wa 1980-81. Alipewa tuzo ya Calder ya mchezaji bora wa msimu wa kwanza, na mchezaji wa mwisho wa Montreal kuipata kabla yake alikuwa kipa Ken Dryden mwaka 1972. Oktoba 2025 akasaini miaka 8 kwa dola milioni 8.85 kila mwaka.

Aliyempa Hutson dakika zote hizo ni kocha Martin St. Louis, ambaye mwenyewe ana sentimita 173. St. Louis alikuwa mshambuliaji, hakuna timu iliyomchagua katika drafti, na mwaka 2004 alichukua tuzo ya Hart na Kombe la Stanley kwa pamoja. Sidhani kama ni bahati tupu kwamba Hutson aliangukia mikono hiyo. Kocha mwingine angemwona kijana akipoteza paki mara mbili na kumkalisha benchi.

Sasa upande wa pili, maana safu hii si ya kuuza ndoto. Erik Brännström wa Uswidi, sentimita 178, alichaguliwa wa 15 mwaka 2017. Mwaka 2019 alikuwa sehemu kuu ya biashara iliyompeleka nyota Mark Stone Vegas, naye akaenda Ottawa. Aliteleza vizuri, akapiga pasi nzuri. Mwaka 2024 Ottawa ilimwacha aende bila kumpa mkataba mpya. Hakuwa mbovu, alikuwa wa wastani. Beki wa wastani mwenye sentimita 190 hupata mkataba mwingine bila maswali, wa sentimita 178 anaulizwa anafanya nini ambacho mrefu hawezi. Huo ndio uonevu halisi wa mchezo huu, na sijaona dalili kuwa utaisha karibuni.

Je, wajua kuwa kulipwa si lazima kuanzie NHL? Ulaya viwanja kwa desturi vilikuwa na upana wa mita 30, mita 4 zaidi ya Marekani, na nafasi hiyo humfaa mtu mwepesi. Brian Rafalski, sentimita 178, hakuchaguliwa na yeyote. Alikwenda kucheza Uswidi na Ufini, akaingia NHL mwaka 1999 akiwa na miaka 26, umri ambao wengi wameshakatiwa tamaa. Msimu huo huo wa kwanza alibeba Kombe la Stanley na New Jersey, akalirudia 2003, na tena 2008 akiwa Detroit. Katika Olimpiki ya 2010 alitangazwa beki bora wa mashindano.

Kwetu je? Nairobi kuna Kenya Ice Lions, timu iliyolelewa kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada, wakacheza upande mmoja na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa na shirikisho la dunia la mchezo huo.

Na kwa kijana aliyekwisha kuachwa: Kimmo Timonen wa Ufini, beki wa sentimita 178, alichaguliwa na Los Angeles mwaka 1993, akiwa jina la 250. Alicheza mechi 1,108 za NHL, akawa nahodha wa Nashville, na mwaka 2015, akiwa na miaka 40, akainua Kombe la Stanley na Chicago katika mechi yake ya mwisho. Drafti ya leo ina raundi 7 kwa timu 32, jumla majina 224. Nafasi ya 250 haipo tena.