Vali Inayovuja: Mashine Ipi Iende Kakuma?

Miaka ya 1980, watafiti wa shirika la afya la AMREF walibeba mashine ndogo ya ultrasaundi hadi kwenye maboma ya wafugaji wa Turkana, Kenya, wakitafuta uvimbe wa tegu wa mbwa uliokuwa umekithiri huko. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1987 yalionyesha kwamba picha hizo zilitegemeka kuliko kipimo cha damu. Somo hilo la mashine inayomfuata mgonjwa lina uzito hata leo kwa wagonjwa wa moyo, katika kaunti hiyo ambayo kutoka Lodwar, makao yake makuu, hadi Kakuma tu ni kilomita zipatazo 120.

Vali ya moyo hupitisha damu upande mmoja tu. Maambukizi ya koo ya bakteria wa streptokoka yasipotibiwa yanaweza kuzaa homa ya baridi yabisi, nayo huacha makovu kwenye vali, hasa ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Vali ikishindwa kufunga, moyo ukibana, damu hurudi nyuma.

Stetoskopu husikia mvumo wa damu hiyo, lakini hukosa wagonjwa wengi. Uchunguzi wa wanafunzi nchini Kambodia na Msumbiji, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo, hugundua wagonjwa takriban mara 10 zaidi.

Katika eko, mtoto hulala ubavu wa kushoto, hupakwa jeli kifuani, na kipimo, kifaa cha mkononi cha mashine, huwekwa katikati ya mbavu. Doppler, mbinu ya eko inayoonyesha mwendo wa damu, hupaka rangi: damu inayokikaribia kipimo huwa nyekundu, inayokiacha huwa buluu, na inayovuja kwa kasi huchanganya rangi. Hapo pana mtego. Ukibana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole, maji machache huruka mbali. Vivyo hivyo, shinikizo la damu likipanda, tundu dogo hutoa mruko mrefu. Mruko unaoambaa ukutani, kinyume chake, huonekana mdogo kuliko ulivyo. Ndiyo maana mpimaji stadi hupima pia shingo ya mruko, sehemu yake nyembamba zaidi: milimita 7 au zaidi ni uvujaji mkubwa.

MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, hufanya hesabu ya kutoa. Chumba cha chini kushoto kikisukuma mililita 100 na 60 zikafika kwenye aota, 40 zimevuja, mruko uwe na umbo lolote. Ila mashine hiyo ina uzito wa tani kadhaa, hutaka umeme usioyumba, na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio huivurugia picha.

Basi kila mashine na zamu yake: eko ya mkononi ichuje, eko kamili ithibitishe, MRI iamue pale vipimo vya eko vinapopingana.

Kugundua mapema kuna faida iliyothibitishwa. Huko Gulu, Uganda, watoto wenye dalili za awali kwenye eko walidungwa penisilini kila baada ya wiki 4. Baada ya miaka 2, ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa asilimia 0.8 yao, dhidi ya 8.2 ya wasiodungwa. Kwa hiyo kaunti inayonunua mashine ihakikishe kwanza kuwa penisilini haikauki dukani, na mzazi ambaye mwanawe ana homa na koo linalouma ampeleke zahanati mapema.