Kwa nini ini hupigwa picha tena na tena kabla ya upasuaji

Wiki iliyopita shangazi alinipigia simu kutoka Maskati, mimi nikiwa hapa Gahanna, pembeni mwa jiji la Columbus, Marekani. Ami ana uvimbe kwenye ini na anatakiwa apasuliwe, lakini daktari anataka picha nyingine. "Si ameshapigwa ultrasaundi? Hizi nyingine za nini?" Kupiga picha za CT ndiyo kazi yangu, basi nikamweleza.

Ini hupata damu kwa njia mbili: ateri, na mshipa mkubwa utokao matumboni, unaoleta takriban robo tatu ya damu yote. Ini lenyewe hutegemea zaidi huo mshipa wa matumbo. Saratani iliyoanzia kwenye ini aghalabu hutegemea ateri. Kwa hiyo tunamwingizia mgonjwa dawa kwenye mshipa wa mkono, tukapiga picha kwa awamu. Baada ya nusu dakika hivi, uvimbe wa namna hiyo hung'aa. Baada ya dakika moja na kidogo, ini ndilo linalong'aa, na uvimbe huanza kufifia. Picha moja isingeonyesha hayo.

Picha hizo pia ni ramani. Mwaka 1957 Mfaransa Claude Couinaud aliligawa ini sehemu 8, kila moja na mishipa yake. Daktari akijua uvimbe uko sehemu gani, huweza kuiondoa hiyo na kuziacha nyingine zikiwa hai. Kompyuta humpimia kiasi kitakachobaki: ini lenye afya hutakiwa libaki robo au zaidi kidogo, lenye makovu, kama asilimia 40. Likibaki dogo mno, mgonjwa anaweza kufa hata kama uvimbe wote umetolewa.

Tumbo likishafunguliwa, ini hubadilika umbo kwa ulaini wake. Hapo daktari huweka kifaa cha ultrasaundi juu ya ini lenyewe, aione mishipa kabla hajakata.

Nikamwambia shangazi wamuulize daktari: uvimbe uko karibu na mshipa gani? Ini kiasi gani litabaki, na lina afya? Nao waseme mapema kama ami ana maradhi ya figo, au dawa ya picha iliwahi kumdhuru.

Shangazi akanyamaza kidogo. "Haya, na apigwe."