Kwa Nini Wingu Kubwa Huzaa Nyota Chache: Mfano wa Orioni na Kilimia

1.0 Utangulizi

Nyota huzaliwa ndani ya mawingu makubwa ya gesi baridi na vumbi. Makala haya yanafafanua mchakato huo kwa kurejelea wingu la Orioni, lililo umbali wa takribani miaka ya nuru 1,300, na kundi la Kilimia, linalofahamika tangu kale kwa wakulima wa Afrika Mashariki. Swali la msingi ni hili: ikiwa mvutano huikusanya gesi, mbona sehemu ndogo tu ndiyo hugeuka nyota?

2.0 Kani Zinazoshindana

Sehemu kubwa ya wingu ni molekyuli za hidrojeni. Vumbi ni takribani asilimia 1 tu ya tungamo, lakini husaidia kuikinga gesi dhidi ya mwanga unaovunja molekyuli hizo. Humo ndani jotoridi hushuka hadi nyuzi -260 hivi za Selsiasi. Kwa kuwa hidrojeni yenye baridi kiasi hicho ni vigumu kuiona, watafiti hutegemea mawimbi ya redio ya kaboni monoksidi, yaliyogunduliwa katika Orioni mwaka 1970.

James Jeans alionesha mwaka 1902 kwamba fungu la gesi huporomoka pale mvutano wake wenyewe unaposhinda shinikizo la joto. Kwa kigezo hicho pekee, wingu zima lingegeuka nyota ndani ya miaka milioni chache. Haiwi hivyo, kwani msukosuko wa gesi na uga wa sumaku hupinga mporomoko huo. Mafungu mazito tu ndiyo husinyaa, na kila moja huzunguka kwa kasi zaidi kadiri linavyosinyaa, likafanya sahani ya gesi na vumbi ambamo sayari huweza kuundika. Kitovu kikifikia nyuzi milioni 10 hivi, viini vya hidrojeni huungana, na nyota hujimudu kwa nishati yake.

Nyota kubwa zilizotangulia nazo huwazibia njia wadogo zao. Mnururisho wa nyota angavu za Orioni huipasha gesi joto na kuisukuma mbali. Hatimaye ni asilimia chache tu za wingu zinazokuwa nyota.

3.0 Hitimisho

Kilimia, chenye umri wa takribani miaka milioni 100, huonesha mwisho wa safari hiyo. Wingu lililokizaa limekwisha kutawanyika. Vumbi linaloonekana leo kandokando yake ni la wingu jingine ambalo kundi hilo linalipita. Kwa hiyo, mtaala unaotaja mvutano pekee hueleza nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kani zinazoupinga, ambazo huiacha gesi ya kutosha kwa vizazi vya nyota vijavyo.