Mchoraji Asome Mara Ngapi?

Kofia ya Sherlock Holmes, ile yenye vipande viwili vya kufunika masikio, inatambulika hata na watu ambao hawajafungua kitabu chochote cha Arthur Conan Doyle. Aliyemvika kofia hiyo ni Sidney Paget, mchoraji wa jarida la The Strand la London, lililoanza kuchapa hadithi fupi za mpelelezi huyo Julai 1891.

Katika "The Boscombe Valley Mystery", iliyotoka Oktoba mwaka huo, Doyle anasema tu kwamba Holmes alivaa joho refu la kijivu la safari na kofia ya kitambaa iliyombana kichwa. Msomaji hupita hapo mbio, kiu yake ni kumjua muuaji. Mchoraji hawezi kupita. Kofia ya namna gani? Huvaliwa wapi? Jibu limo humo humo hadithini: Holmes yuko safarini kwenda mashambani, na huko ndiko mabwana wa Kiingereza walikovaa kofia za kuwindia. Holmes akiwa mjini London, Paget humvisha kofia ndefu ya kiungwana. Desemba 1892, katika "Silver Blaze", Doyle mwenyewe akataja kofia ya safari yenye masikio.

Mtihani mgumu zaidi umo katika "A Scandal in Bohemia". Usiku, mlangoni pa nyumba yake ya Baker Street, Holmes aliyejigeuza kasisi anatafuta ufunguo mfukoni. Kijana mwembamba mwenye koti refu anapita haraka na kumtakia usiku mwema kwa jina lake halisi. Baadaye ndipo tunapoambiwa kwamba kijana yule alikuwa Irene Adler, mwanamke ambaye Holmes alidhani amekwisha kumzidi akili.

Paget alichora tukio hilo hilo. Ukimchora mwanamke waziwazi, umeitoboa siri kabla ya mwandishi. Ukichora mwanamume kamili, msomaji atakayerudi nyuma atakuona mwongo. Kalamu inabidi iwatendee haki wote wawili, anayejua mwisho na asiyeujua. Aliyesoma mara moja hawezi, kwa sababu alipofika mlangoni pale alikuwa bado hajui anamwona nani.

Ndiyo maana usomaji wa kwanza ni wa kufurahia tu, penseli ikae mezani. Wa pili ni wa kukagua: mwanga unatoka wapi, nani ameketi, nani amesimama, mwandishi amenyamazia nini. Wa tatu ni wa kuchagua tukio, na mara nyingi linalofaa si lile la damu. Hilo maneno yamekwisha kulimaliza. Ndivyo ilivyo hata kwa hadithi za upelelezi za Kiswahili: msomaji wa haraka wa mwandishi Muhammed Said Abdulla angemchora mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake, akatosheka. Anayerudia angetafuta Bwana Msa anatazama nini wakati wengine wanazungumza.

Kusoma kwa makini si kutii kila neno. Doyle alikiri kwamba Holmes wa mawazoni mwake hakuwa na sura nzuri kama wa Paget. Lakini anayeamua kuliacha neno la mwandishi sharti awe ameliona kwanza. Mhariri anayemkabidhi mchoraji muhtasari wa hadithi, akitaka picha jioni hiyo hiyo, atapata pambo la kujazia ukurasa. Ampe hadithi nzima, na siku za kuirudia.