Njia ya Ndani

Chokaa ninayochorea uwanja wa shule haitoki mbali. Hapa Muhokya, Uganda, watu huchoma mawe ya chokaa, nami hununua debe kabla ya mashindano. Nikishachora njia sita, malalamiko huwa yaleyale: "Mwalimu, usinipe ya kwanza, kona yake inabana!"

Kweli inabana. Wa ndani hupinda kuliko wote, na mwenye miguu mirefu hutaabika zaidi akiwa na viunzi vya kuruka. Ndipo ninapowasimulia John Akii-Bua.

Septemba 2, 1972, mjini Munich, polisi huyu wa Uganda alipangiwa njia hiyohiyo katika fainali ya Olimpiki ya mita 400 viunzi. Rekodi ya dunia, sekunde 48.12, ilikuwa ya Mwingereza David Hemery, naye alikuwemo katika mbio zile. Akii-Bua akavuka viunzi vyote kumi, akamaliza kwa sekunde 47.82. Kabla yake hakuna aliyekuwa amewahi kushuka chini ya 48. Hemery akawa wa tatu.

Wengi huishia hapo. Mimi napenda yaliyotangulia. Kijana huyu wa Lango, mzaliwa wa 1949, alianzia viunzi vya mita 110, vilivyo virefu zaidi. Tena aliwahi kushikilia rekodi ya Uganda ya dekathloni, michezo kumi kwa siku mbili: mbio, miruko, tufe, kisahani, mkuki, hata kuruka kwa upondo. Wamarekani wana Jim Thorpe, mshindi wa dekathloni ya Stockholm 1912 aliyecheza pia besiboli. Sisi tuna huyu, na watoto wetu hawamjui!

Kocha Malcolm Arnold ndiye aliyemhamishia mita 400. Mazoezini Akii-Bua alivaa fulana yenye uzito wa kilo 11 hivi. Na aliweza kuruka akitanguliza mguu wowote, hivyo hatua zilipokataa kulingana hakupunguza mwendo.

Mwaka 1976 Uganda ilisusia Olimpiki, akakosa nafasi ya kutetea dhahabu yake. Jambo hilo huniuma hadi leo. Mwaka 1979 alikimbilia Kenya kama mkimbizi, kisha Ujerumani. Alirudi nyumbani, akafariki 1997. Dhahabu ya pili ya Uganda ilisubiri hadi Stephen Kiprotich, London 2012.

Viunzi vyetu ni fito zilizolazwa juu ya matofali. Wiki iliyopita watoto walitanguliza mguu wa kulia. Wiki hii ni zamu ya kushoto, na wanaanguka sana.