Mbao Zilizooza Ndani ya Boti ya Faiba: Namna ya Kuzitambua na Kuzirejesha Kabla ya Masika

Kata ya Tindiga, wilayani Kilosa mkoani Morogoro, ipo katika tambarare ya Mto Mkondoa, nchi ya mpunga na mahindi ambayo rutuba yake na hatari yake hutoka mahali pamoja. Neno lenyewe tindiga, katika Kiswahili cha sehemu nyingi za bara, hutaja ardhi oevu. Mvua zinapozidi milimani, mto hufurika na kusambaa mashambani na vijijini. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010 yaliwaacha maelfu ya wakazi wa Kilosa bila makazi na kuikata Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe. Katika siku kama hizo gari halifiki, na mtumbwi wa gogo hubeba watu wachache mno. Aprili 2024, Rufiji ilipofunikwa na maji, boti ndizo zilizowahamisha wananchi waliozingirwa.

Boti ya aina hii mara nyingi ni ya faiba, imenunuliwa ikiwa imekwisha kutumika ziwani au pwani, na kwa sehemu kubwa ya mwaka haina kazi. Hukaa juu ya magurudumu au matofali nyuma ya jengo, imeelekezwa mbingu, ikisubiri masika. Hapo ndipo inapoharibika. Wengi hudhani kwamba boti huchoshwa na bahari, lakini kuvu wanaoozesha mbao husitawi zaidi katika maji baridi ya mvua kuliko katika maji ya chumvi. Boti inayokwenda baharini kila siku na kuoshwa kwa maji ya chumvi inaweza kuwa na mbao nzima kuliko ile iliyosimama bara miaka mitano, ina maji ya mvua katika ngama na majani makavu yameziba tundu la kutolea maji.

Pengine msomaji atauliza: boti ya faiba ina mbao gani? Ganda lake la nje, ambalo ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini na kugumu, lina nguvu sana likivutwa, lakini likiwa jembamba hupindika kirahisi. Ili boti isinepe, mjenzi huweka mbao ndani na kuzifunika kwa tabaka jingine la faiba. Mahali pa kwanza ni ukuta wa tezi, ambao hubeba uzito wa injini na msukumo wake wote. Pili ni mihimili ya urefu iliyolala chini ya sakafu kutoka tezi kuelekea omo. Tatu ni sakafu yenyewe, ambayo kwa boti nyingi za zamani ni plaiwudi. Mtu anayeitazama kwa nje haoni ubao hata mmoja, na kwa sababu hiyo rangi mpya inaweza kuuza boti iliyokwisha kufa.

Maji huingia kupitia matundu ambayo binadamu mwenyewe ameyatoboa: ya boliti za injini, ya kizibo cha kutolea maji, ya skrubu za viti na za sakafu. Tundu lisilozibwa sawasawa hupitisha maji hadi kwenye ubao, na yakishafika huko hayatoki, kwa kuwa ubao umefungwa pande zote kwa faiba. Ubao ukikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu, kuvu hupata nafasi. Kwanza ubao hubadilika rangi, kisha hulainika, na mwisho huwa kama tope jeusi lenye harufu ya udongo wa kinamasi. Tabaka za faiba zinabaki zimesimama, lakini katikati yake hakuna kitu.

Hatari inayotokana na hali hiyo si ya nadharia. Injini ya nguvu farasi 40 huwa na uzito unaokaribia kilo 80 au kuupita, na nahodha anapoiongezea mwendo dhidi ya mkondo wa mto uliofurika, nguvu yote hiyo huukaba ukuta wa tezi. Ukuta uliooza unaweza kupasuka na kuachia injini, na boti ikabaki katikati ya mkondo ikiwa imejaa watoto na wazee, haina msukumo, na maji yanaingia kwa nyuma. Boti ya uokoaji ikifikia hapo, yenyewe huhitaji kuokolewa.

Kuitambua mbao mbovu hakuhitaji mitambo. Fundi hugonga ukuta wa tezi kwa kichwa cha nyundo ndogo, sentimita chache kwa chache: ubao mzima hutoa mlio mkavu na mkali, ubao uliooza hutoa mlio mzito kama wa gunia lililojaa. Njia nyingine ni kuinua injini, kushika sehemu yake ya chini na kuitikisa taratibu huku mtu wa pili akiutazama ukuta. Ukionekana kucheza, hukumu imekwisha kutolewa. Sakafu inayobonyea chini ya kisigino, au maji ya kahawia yanayochuruzika kutoka kwenye boliti siku kadhaa baada ya mvua kukatika, hutoa ushahidi huohuo. Palipo na shaka, hutobolewa tundu dogo kutoka upande wa ndani, chini karibu na ngama, bila kugusa ganda la nje. Unga wa mbao ukitoka mweupe na mkavu, tundu huzibwa na kazi huishia hapo. Ukitoka mweusi na mbichi, boti haipaswi kubeba watu.

Zipo njia mbili za mkato zinazopendwa, na zote mbili hazifai. Ya kwanza ni kutoboa matundu mengi na kumimina resini ndani kwa matumaini kwamba itaugandisha ubao uliooza. Resini haiingii katika ubao uliojaa maji. Hugumu pembeni mwa matundu na kuufungia unyevu uliobaki. Ya pili ni kufunga bamba la chuma nje ya tezi. Bamba hilo huficha ubovu na kuongeza uzito, na boliti zake ni matundu mapya.

Matengenezo ya kweli huanza kabla ya kukata chochote. Boti huwekwa chini ya paa, kwa kuwa kazi hii haifanyiki mvuani, na ganda lake hutegemezwa chini kwa urefu wote wa mkuku na pembeni pia. Sababu ni kwamba mbao za ndani zikiondolewa, ganda hulegea na kuchukua umbo la kitu kinacholibeba. Likitegemezwa vibaya na kufungiwa mbao mpya likiwa limepinda, litabaki limepinda maisha yake yote. Vipimo vyote huandikwa, hasa kimo cha ukuta wa tezi, kwani injini za mhimili mfupi huhitaji ukuta wa takribani sentimita 38 na za mhimili mrefu takribani 51. Ukuta ukirejeshwa mrefu mno, panga la injini litapiga hewa. Ukiwa mfupi mno, litazama kupita kiasi na kukwaruza mchanga.

Sakafu hukatwa kwa kuacha ukingo wa sentimita kadhaa pembeni ambao sakafu mpya itaukalia. Mihimili hutolewa mmoja baada ya mwingine, na mpya hukaa mahali pake kabla wa pili haujaguswa. Kwa ukuta wa tezi, faiba ya ndani hubanduliwa, kisha ubao mbovu huchimbwa kwa patasi mpaka faiba ya nje ionekane safi. Fundi asiridhike na kuishia pale ubao unapoanza kuonekana mzuri. Kuvu hutangulia mbele ya weusi, hivyo hukatwa na sehemu ya ubao mzima unaopakana na ule mbovu.

Kazi ya kusaga faiba kwa grenda ndiyo inayochukiwa kuliko zote, na kwa haki. Vumbi lake ni vipande vidogo vya kioo vinavyowasha ngozi na kuingia mapafuni. Barakoa ya kuchuja vumbi, miwani iliyofungwa pembeni na mikono mirefu ni vitu vya lazima. Mabaki hayachomwi, kwa kuwa moshi wake ni sumu, wala hayatupwi mtoni au katika majaruba ya mpunga; hufungwa katika mifuko na kupelekwa dampo.

Kuhusu mbao mpya, Morogoro ina bahati na mtego. Msaji hupandwa katika shamba la miti la serikali la Mtibwa, wilayani Mvomero, na sifa yake ya kustahimili maji inajulikana. Hata hivyo mafuta yake ya asili huzuia resini kushika, na asiyeufuta kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka anaweza kuona faiba inabanduka kama ganda la yai. Kwa ukuta wa tezi, plaiwudi ya baharini iliyounganishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini ni rahisi zaidi kufanyia kazi: vipande viwili vya milimita 18 hugandishwa pamoja, na kwa faiba inayoongezwa juu, unene hufikia takribani milimita 40. Kingo zote za ubao hupakwa resini mpaka ubao uache kuinywa.

Resini ni za aina mbili kwa mtengenezaji wa kawaida. Poliesta ni nafuu, na ndiyo iliyojengea boti nyingi zilizopo. Epoksi ni ghali lakini hushika vizuri zaidi juu ya faiba ya zamani na juu ya mbao. Ikitumika epoksi katika kiungo, isifuatwe na poliesta juu yake, kwani haishiki vema. Poliesta huchanganywa na kigumishi, ambacho mafundi hukiita hadina, kwa kiasi cha asilimia 1 hadi 2 ya uzito. Katika joto la Kilosa asilimia 1 kwa kawaida hutosha, na huchanganywa kidogokidogo: ndoo nzima inaweza kugumu mkononi, ikapata moto na kutoa moshi kabla fundi hajafika kwenye boti. Tone la hadina likiingia jichoni linaweza kuleta upofu. Jicho huoshwa papo hapo kwa maji mengi na mgonjwa hupelekwa kituo cha afya.

Pembe kali kati ya mhimili na ganda hujazwa kwanza kwa resini nzito mpaka ziwe za mviringo, kwa sababu nyuzi za faiba hazikunjiki kwenye pembe, huacha mfuko wa hewa. Kisha tabaka hulazwa moja juu ya jingine, kila moja likiwa pana kuliko lililo chini yake. Matundu ya kupitishia maji ya ngama kwenye mihimili huwekewa vipande vya bomba la plastiki ili maji yasiuguse ubao. Mahali pa boliti za injini, hutobolewa tundu kubwa kuliko linalohitajika, hujazwa resini, na likishagumu hutobolewa upya kwa kipimo cha boliti. Hapo boliti hupita ndani ya resini tupu, na hata kizibo kikichakaa maji hayaufikii ubao. Boti ingejengwa hivyo tangu mwanzo, isingehitaji matengenezo haya.

Povu la kuelea lililokuwa chini ya sakafu, ambalo mara nyingi hukutwa limelowa na kuwa zito, hutolewa na kuwekwa jipya. Wapo wanaoliacha kabisa ili kupunguza gharama. Boti ya faiba isiyo na povu ikijaa maji huzama, injini ikitangulia.

Jaribio la kwanza hufanywa katika maji yasiyo na mkondo, kwa viroba vya mchanga badala ya abiria, injini ikiongezewa mwendo kwa hatua huku ukuta wa tezi ukitazamwa. Ukaguzi wa usalama wa vyombo vya majini ni jukumu la Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), na boti iliyobadilishwa muundo wake wa ndani inapaswa kukaguliwa kabla ya kurudi kazini, ikiwa na maboya ya kujiokolea kwa kila anayepanda. Baada ya hapo huhifadhiwa omo ikiwa juu, kizibo cha ngama kimetolewa, turubai limeinuliwa katikati ili hewa ipite. Nyundo ndogo ile ile hupitishwa tena juu ya tezi kila mwaka ifikapo Februari, kabla mawingu ya masika hayajakusanyika.